Nishani ya Kukaa Kitini

Siakago,
Jumapili, 11 Agosti 1996

Kwa Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku chini kwenye vumbi, nikiomba baridi ya Githongo iwe imeyaachia magoti yako. Je, yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na ile kahawa ya karibu na mto imebeba vizuri mwaka huu? Sisi tu wazima. Mjukuu wako Wambeti ameota meno ya mbele na sasa anacheka bila kuziba mdomo.

Najua Mutuma ndiye anayekusomea. Kaka, soma polepole, na usiruke mahali unapoona Mama atahuzunika. Atajua umeruka. Mnisamehe pia kuandika Kiswahili. Kimeru nakizungumza kila ninapopata mtu, lakini mkono wangu ulizoea Kiswahili miaka ile ya kuishi kambi ya jeshi.

Mama, Mutuma aliniandikia kwamba macho yako yanaendelea kufifia, na daktari amesema hawezi kuyazuia. Akaandika na maneno yako kama ulivyoyatamka: "Mwambie Kinya nataka kumwona. Kumsikia nitamsikia hata baadaye. Kwa nini haji?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku barua ilipofika. Nimekwenda nalo mtoni na nimerudi nalo. Leo nakujibu. Hakuna aliyenifungia, Mama. Mlango wa nyumba hii hauna hata kufuli, una kipande cha kamba tu cha kuzuia mbuzi wasiingie. Lakini bado sijaweza kuja, na ili uelewe inabidi nianze na mume wangu Ireri, kwa sababu mambo yangu yamegeuka kuwa kama yake.

Wewe unamkumbuka kama yule kijana wa magwanda aliyekuja kwetu mara ya kwanza akala nduma na maganda yake, kwa woga wa kuuliza. Ulicheka mpaka ukatoka nje. Wakati huo alikuwa rubani. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka mafuta ya ndege, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya, anamrusha Wambeti juu mpaka mimi nafumba macho. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto akichunga mbuzi hapa Siakago, ndege ikipita alikuwa akilala chali aitazame mpaka iishe, na mbuzi wakaingia mashamba ya watu. Alichapwa kwa ajili ya ndege kabla hajaigusa hata moja.

Kisha akaugua sikio. Akiwa juu angani alikuwa anapata kizunguzungu, na daktari wa jeshi akasema ashuke apumzike. Wakampa meza katika makao makuu. Mkubwa wake alimwambia, "Kwa muda tu, Ireri." Ireri akanirudishia maneno hayo jioni akiwa na furaha. Kwa muda tu. Nilimchemshia maji ya kuoga na hatukulizungumza tena.

Sikio lilipona. Lakini kufikia hapo walikuwa wamegundua kwamba ana akili ya kupanga. Wakamwita afisa mnadhimu, yaani mtu anayepanga kazi ambazo wengine wataziruka. Ndege gani iende wapi, ibebe nini, itue uwanja upi na irudi na mafuta kiasi gani. Kila alipoomba arudi angani walimwambia, "Ukienda wewe, nani atapanga?" Walimwambia kwa heshima, wakimpigia saluti. Kisha wakampandisha cheo, hata mwishowe akawa Kanali.

Nakumbuka siku aliyokuja na cheo kipya begani. Alitundika koti msumarini bila kulitazama.

Nikamwambia, "Umepanda cheo na hata hucheki?"

Akasema, "Kinya, wewe ni mtu wa Githongo. Ng'ombe ukimpenda sana unamfanyia nini?"

"Nampa majani mazuri."

"Na kamba nzuri," akasema, akavua viatu.

Ile njaa kubwa ya kaskazini ilipokuja, hakuonekana nyumbani. Nilikuwa nampelekea chakula mpaka getini na askari ananipokea. Ndege zilibeba mahindi na maziwa ya watoto, zikashuka kwenye viwanja vya mchanga ambavyo hata punda angesita kuvikanyaga, na hakuna hata moja iliyoanguka. Yote hayo aliyapanga kwenye meza, kwa penseli na ramani. Ndipo wakampa nishani ile kubwa, mbele ya watu, bendi ikipigwa. Nilivaa ile nguo ya kijani uliyonishonea. Tulipofika nyumbani aliitoa kifuani akaiweka kwenye droo ya soksi.

"Wamenipa nishani ya kukaa kitini," akasema.

Tulicheka, Mama. Tulicheka sana, halafu akaacha kucheka kabla yangu.

Kila asubuhi alikuwa akitoka na kikombe chake cha chai, anatazama moshi wa majiko ya majirani unaelekea wapi, maana ndege hutua ikiukabili upepo. "Leo wangetua wakitazama mashariki," anasema. Ninamwuliza, "Akina nani?" Anasema, "Yeyote." Kisha anakwenda kazini. Hata hospitalini, siku za mwisho za ugonjwa wake, kitanda chake kilikuwa mbali na dirisha, akaniomba nisimame nimwambie moshi wa jikoni unaelekea wapi. Nikamwambia unaelekea magharibi. Akasema, "Basi watatua wakitazama mashariki," akafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi yake. Ule mwaka wa meza ya kwa muda, Wambeti alikuwa anajifunza kutembea. Ireri alipokufa, Wambeti alikuwa anajua kusoma.

Magoti hayakukuruhusu kuja mazishini, nami nilishukuru, kwa kuwa ungelia. Maafisa walikuja wengi. Ndege moja ilipita chini kutoka upande wa kilima cha Kiang'ombe, na mbuzi wa kijiji kizima wakakata kamba. Hadi leo kuna jirani anayemtafuta beberu wake na kumlaumu marehemu. Afisa mmoja aliniwekea mikononi mto mdogo wa kitambaa cha bluu wenye nishani zake. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Baba mkwe, ambaye hapa wote tunamwita Mzee, alizitundika nishani hizo ndani ya kisanduku cha kioo sebuleni. Yeye ni msomaji wa kanisa, mtu safi, hajawahi kunipandishia sauti. Lakini huzuni yake ameigeuza kuwa hadithi. Wageni wanakuja kuona nishani, mimi nachemsha chai, naye anawasimulia jinsi mwanawe alivyopita katikati ya risasi. Mwezi uliopita mwalimu alileta darasa lake. Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Kanali aliua watu wangapi?"

Mzee alikohoa. Nikasema kabla sijajizuia, "Hakuua mtu. Alipeleka mahindi."

"Mahindi?" mwalimu akashangaa.

"Mahindi ya vita," Mzee akasema haraka, na watoto wakaandika.

Jioni alikaa akikitazama kile kisanduku, nikaona nimemwumiza. Tangu siku hiyo napeleka chai na kunyamaza. Naitwa bibi ya Kanali. Kila anayenipita njiani anavua kofia. Mama, usidhani nalalamika kwamba wananitesa. Wananitunza kama vile wanavyotunza kile kisanduku.

Sasa nifike kwenye swali lako. Unajua mambo ya nywele, maana ulinisimulia jinsi nyanya alivyofanyiwa zamani. Ukoo huu wa Ireri nao wanashika hivyo. Mjane hunyolewa na mwanamke wa ukoo wa mumewe, ndipo msiba unamtoka mwilini. Kabla ya hapo halali nje ya boma, wala havuki mto. Na kutoka hapa hadi kwako lazima nivuke Thuci.

Baada ya mazishi, shangazi yake Ireri, dada mkubwa wa Mzee, alikuja na wembe mpya kwenye karatasi. Mzee alisimama mlangoni.

"Katika boma hili tunaomba, hatunyoi," akasema. "Wembe wa matanga hautaingia hapa nikiwa hai."

"Sawa, msomaji," Shangazi akajibu. "Usinyoe. Lakini asivuke mto na kifo kichwani mwake, akawapelekea watu balaa."

"Nani amesema avuke? Ana nyumba. Ana chakula. Atakaa."

"Akae basi. Kwa muda."

"Kwa muda, ndiyo," Mzee akasema.

Hapo ndipo walipopatana. Wale ndugu wawili ambao hawapatani hata juu ya mvua, walipatana juu ya maneno hayo. Nami nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, nikiwasikia. Niliyajua maneno hayo. Nilikuwa nimeishi nayo nyumba moja.

Nilijaribu kuja, Mama, usiseme sikujaribu. Siku moja ya soko nilivaa nguo ya safari, nikamshika Wambeti mkono, nikachukua mkoba, nikaenda mahali magari ya kwenda Ishiara yanaposimama. Wanawake wanaouza pojo wakaniona.

"Haiya, bibi ya Kanali! Wapi hiyo, na mkoba?"

"Naenda kumsalimia mama yangu."

"Na nywele?"

Nikashika kitambaa changu kichwani.

"Jua limekuchanganya, dada," mmoja akasema. "Hata mimi jua la leo limenifanya nimrudishie mteja chenji mara mbili."

"Aliirudisha?"

"Nani? Ameshafika Embu!"

Wakacheka, nami nikacheka, na nikicheka mmoja akauchukua mkoba wangu akauweka kichwani mwake. Mwingine akamnunulia Wambeti mandazi. Wakanisindikiza mpaka nyumbani wakiimba wimbo wa kanisa, mimi katikati yao kama bibi harusi. Mzee akawashukuru. Mama mkwe akawapa uji. Hakuna aliyenikaripia. Kama wangenikaripia ningepata pa kushika.

Kisha ikaja barua ya Mutuma kuhusu macho yako. Mama mkwe alinikuta jikoni nikilia. Yeye tunamwita Cucu, yaani nyanya, kama mtoto anavyomwita. Ni mtu wa maneno machache. Nilimweleza, naye akaendelea kupepeta mtama.

"Mama yako bado anaona nini?" akauliza.

"Anaona mtu akisimama mlangoni penye mwanga. Mutuma anasema hatofautishi tena nani ni nani mpaka amkaribie sana."

Akapepeta tena.

Jana Mzee alikwenda kanisani kutayarisha ibada. Cucu akaweka kigoda nyuma ya ghala, akatandika gunia, akamwita Wambeti. Unajua binti yangu alipewa jina la Cucu, Wambeti, kama desturi inavyotaka, na wao wawili hawaitani kwa jina. Cucu humwita "mimi". "Kula, mimi." "Oga, mimi, unanuka mbuzi." Basi jana akamwita, "Njoo, mimi. Shika huu."

Ulikuwa wembe wa Shangazi, bado kwenye karatasi yake.

Nikasema, "Cucu, Mzee amekataza."

"Mume wangu alimkataza Wambeti mkubwa asishike wembe. Huyu hakumkataza." Akanikalisha kwa kunibonyeza mabega. "Shangazi akiuliza, umenyolewa na Wambeti, mke wa boma hili. Mzee akiuliza, mtoto amemkata mama yake nywele. Nani atasema tumedanganya?"

Akakata nywele kwanza kwa mkasi, kisha mtoto akafuatisha wembe, mkono wa nyanya yake ukiwa juu ya mkono wake. Wambeti alitoa ulimi nje kama anavyofanya akiandika. "Inauma, mama?" "Haiumi." Nywele zikaanguka kwenye gunia, na nyingine upepo ukazibeba kuelekea kwenye mabua ya mtama. Nikajikuta natazama zinakokwenda, na kujua ndege zingetua zikitazama wapi.

Shangazi alikuja jioni. Akapitisha kiganja juu ya kichwa changu kama anayekagua kibuyu. "Ni Wambeti?" akauliza. "Ni Wambeti," Cucu akajibu. "Basi," akasema, akaketi akala.

Mzee alirudi, akaniona. Aliomba juu ya chakula kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipofumbua macho akasema, "Siku hizi hata Agosti ina joto," akanisogezea chumvi.

Mama, nikajua nimefunguliwa. Sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa nimeshafika kwako, nimeshasimama mlangoni penye mwanga.

Leo baada ya kanisa nikamwambia Cucu kwamba Jumanne tutaondoka mimi na mtoto.

"Nenda," akasema. "Nenda ukamwone mama yako. Wambeti atabaki."

"Atabaki?"

"Kwa muda."

Aliyasema kwa upole kabisa, akisugua sufuria. Sidhani alijua amesema nini. Na mimi, Mama, ambaye sijawahi kumjibu, nikauliza lile swali ambalo Ireri hakuwahi kuliuliza miaka yote ile, kwa sababu alikuwa na adabu na kwa sababu walikuwa wakimpigia saluti.

"Kwa muda gani, Cucu?"

Akaacha kusugua. Maji yakamtiririka mikononi mpaka viwiko.

"Mpaka nizoee," akasema.

"Kuzoea nini?"

"Nikimwita Ireri, haitiki mtu. Nikimwita huyu, angalau naitika mimi mwenyewe."

Ni yeye aliyenifungulia mlango kwa mkono wake. Nilichukua sufuria nikaisuuza, tukamaliza vyombo.

Kwa hiyo, Mama, nywele zimetoka na mto uko wazi, lakini Jumanne sitakuja. Naweza kuja peke yangu, hakuna atakayenizuia, hata wale wa pojo watanipungia mkono. Lakini namjua mtoto atakayebaki. Nikirudi nitakuta amepewa mbuzi wake, na kitanda, na kiti cha mbele kanisani. Watamwambia wageni huyu ndiye binti wa Kanali. Watampenda sana. Nimeona mtu akipendwa hivyo, na mwili wake niliuosha mimi mwenyewe.

Naomba Mutuma aje. Kaka, usije na hasira, hawa si watu wabaya. Njoo na nduma, na ukikaa na Mzee mwonyeshe jinsi ya kuimenya, maana mwanawe aliona haya kuuliza. Mkishakula, uliza kwa niaba yangu siku ambayo nitavuka Thuci pamoja na mtoto wangu, na kama Cucu atakubali, tuvuke naye, akae kwenu wiki moja anywe chai ya maziwa mengi. Wakikuambia kwa muda, cheka kwa adabu, kisha uulize, muda gani. Usiondoke mpaka wataje siku yenye jina. Mimi nimeuliza mara moja, nikashindwa kuuliza mara ya pili. Wewe utaweza, kwa sababu hukumwona Cucu akitiririkwa na maji yale.

Nisalimie mke wa Mutuma, ambaye najua ndiye anayekushika mkono asubuhi kukutoa nje. Nisalimie mjomba wa mashine ya kusaga, na akina mama wa kanisa mnaochuma kahawa pamoja, na yule mwalimu wangu wa darasa la tatu kama bado anapita hapo na baiskeli yake.

Mama, leo nimejitazama kwenye kioo cha Mzee cha kunyolea ndevu. Kichwa changu kiko kama ulivyokuwa ukikinyoa kila shule zilipokaribia kufunguliwa, pale nje ya jiko, nimekaa kigodani, umenishika sikio nisitikisike. Sikio hilo hilo bado limejitokeza kuliko lingine. Kama macho yako hayatanisubiri mpaka siku hiyo ipatikane, usijisumbue kuwaza sura ya mjane wa Kanali ambayo hukuwahi kuiona. Ni yule yule wa kwenye kigoda, anayekuuliza kama umemaliza.

Mimi binti yako Kinya. Nikumbuke hivyo.